Subaru WRX Kwenye Barafu ya Minnesota: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mimi ni Mtanzania, naishi viunga vya Minneapolis, Marekani, na huu ni msimu wangu wa tisa wa baridi nikiwa na Subaru WRX ya manyuo, yaani ya gia za mkono. Kila ikifika Novemba naulizwa maswali yaleyale: harusini, msibani, kwenye simu za usiku. Wengi wanaouliza ni vijana wetu waliofika juzijuzi. Wamelipenda Subaru tangu nyumbani, wamepata kazi, wamelinunua, halafu theluji ya kwanza imeanguka. Nimeyaandika majibu hapa kwa sababu nimeshakwenda hospitali kuwaona wawili wao, na sitaki kwenda kumwona wa tatu.

Gari langu ni fowili. Matairi ya baridi ya nini tena?

Hili ndilo swali lenyewe. Ukishalielewa hili, mengine yote yatakuwa mepesi.

Fowili hugawa nguvu ya injini kwenye magurudumu manne. Kwa hiyo inakusaidia pale unapokanyaga mafuta: kuondoka kwenye taa, kupanda mlima, kutoka kwenye maegesho yaliyojaa theluji. Ukikanyaga breki, faida hiyo imekwisha. Kila gari lina breki kwenye magurudumu yote manne, hata kigari cha bei poa cha jirani yako. Kwenye kusimama mko sawa, na kama yeye ana matairi ya baridi nawe huna, yeye yuko mbele yako kwa mbali.

Tupige hesabu. Kwenye lami kavu, gari lililo katika mwendo wa kilomita 50 kwa saa linahitaji kama mita 14 kusimama, tangu breki zikamate. Kwenye barafu laini, mwendo ule ule unahitaji karibu mita 100. Huo ni karibu urefu mzima wa uwanja wa mpira, na bado hatujahesabu ile sekunde moja ya mguu kuhama kutoka mafuta kwenda breki. Gari lenyewe halikuonyi, kwa sababu lilipoondoka halikuserereka. Mwenye gari linaloendeshwa na magurudumu mawili tu huhisi tairi likizunguka bure tangu anapoondoka nyumbani, akajua leo barabara ni mbaya. Wewe wa WRX unapaa kama kawaida, na utelezi unaujulia kwenye taa nyekundu.

Mimi niliujulia hapo hapo. Msimu wangu wa kwanza, gereji moja iliniambia gari hili halihitaji matairi ya baridi kwa kuwa ni fowili, nami nikaamini. Asubuhi moja ya Desemba nikafika kwenye makutano ya mtaa wetu, mwendo wa kawaida kabisa, taa nyekundu, nikakanyaga breki. Gari halikupunguza mwendo hata chembe. Nakumbuka kishindo cha breki za ABS, zile zinazozuia magurudumu yasikwame, chini ya kiatu, tiki-tiki-tiki, na mstari mweupe ukipita chini ya bampa taratibu. Pikapu iliyokuwa inakatiza ilinikwepa kwa upana wa mkono. Jioni ile ile niliagiza matairi.

Matairi yaliyokuja na gari yana kasoro gani?

Hayana kasoro, ila ni ya kiangazi. WRX nyingi hutoka kiwandani na matairi ya kiangazi, yale yanayoshika lami ya moto kama gundi. Mpira wake umetengenezwa kwa joto. Likishuka chini ya nyuzi 7 za Selsiasi, unaanza kukakamaa. Kwenye baridi kali unakuwa mgumu kama plastiki, na hata unaweza kupasuka.

Jaribu mwenyewe asubuhi ya Januari. Bonyeza ukucha wa kidole gumba kwenye kashata (kipande cha mpira kinachogusa barabara) ya tairi la kiangazi, kisha kwenye la baridi. La kwanza linakataa, la pili linabonyea. Tofauti unayoihisi kwenye ukucha ndiyo inayoamua kama utasimama. Tairi la baridi pia lina mikato midogo midogo iliyochanjwa kwenye kila kashata, mamia kwa mamia, na kingo za mikato hiyo ndizo zinazouma barafu.

Unaponunua, angalia alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Herufi M+S peke yake haitoshi, kwa sababu haihitaji jaribio lolote la kwenye theluji. Matairi ya misimu yote yatakuvusha siku za theluji nyepesi. Kwa barafu ya Januari, mimi siyaamini.

Naweza kununua mawili tu, niokoe hela?

Hapana. Ukifunga mawili ya baridi mbele, mkia utachomoka kwenye kona. Ukiyafunga nyuma, pua itagoma kugeuka. Isitoshe, fowili ya Subaru inachukia matairi yasiyolingana. Ndani ya WRX ya manyuo, difu ya katikati, ile inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, ina sahani zilizozama kwenye majimaji mazito ya silikoni. Ekseli ya mbele na ya nyuma zikizunguka kwa kasi tofauti, majimaji yale hupata moto na kuzibana. Matairi yenye mizunguko tofauti huzifanya zibanane safari nzima, hata kwenye lami kavu, mpaka ziungue. Subaru wenyewe wanataka tofauti ya mzunguko isizidi robo inchi. Nunua manne, aina moja, umri mmoja.

Rimu za inchi ngapi?

Kama breki zako zinaruhusu, shuka inchi moja, na chukua tairi jembamba kidogo lenye ukuta mrefu. Tairi jembamba hukata theluji hadi kufika chini, na ukuta mrefu huvumilia mashimo, ambayo Machi hapa ni mengi. Wenye STI, ile WRX yenye nguvu zaidi, wawe waangalifu: breki za Brembo ni kubwa, na miaka kadhaa rimu ya inchi 17 haiingii. Jaribisha rimu moja kabla hujalipia nne.

Matairi ya misumari je?

Ukiwa mkazi wa Minnesota, sheria hairuhusu. Sweden na Finland yanaruhusiwa wakati wa baridi, na jamaa zetu walioko huko wanayatumia sana. Wa Quebec, Kanada, nao wajue kwamba matairi ya baridi ni lazima kisheria kuanzia Desemba 1 hadi Machi 15.

Taa ya upepo wa matairi inawaka kila baridi ikizidi. Yametoboka?

Mara nyingi hayajatoboka. Upepo husinyaa kwenye baridi, takriban psi 1 kwa kila nyuzi 5 au 6 za Selsiasi zinazoshuka. Pima asubuhi kabla gari halijatembea, jaza kufikia kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Usipunguze upepo ukidhani tairi laini litashika barafu vizuri zaidi. Hilo ni la mchanga wa jangwani.

Asubuhi ya baridi kali niache gari lingurume muda gani?

Dakika chache, ukitumia muda huo kukwangua vioo vyote na kufagia theluji juu ya paa. Nasema vyote. Kitundu cha ukubwa wa sahani kwenye kioo cha mbele hakitoshi, na theluji ya paa itakuporomokea kwenye kioo mara ya kwanza utakapofunga breki. Kisha ondoka polepole. Injini hupata moto haraka zaidi ikitembea kuliko ikisimama.

Gia zitakuwa nzito. Mwiko kwenye ugali uliolala, ndivyo mkono wa gia unavyokuwa kwenye nyuzi 25 chini ya sifuri. Usilazimishe, kanyaga klachi hadi mwisho, ingiza taratibu, na dakika kumi za mwanzo usiiamshe turbo, ile pampu inayoisukumia injini hewa. Oili nzito haifiki haraka kwenye beringi za turbo, na turbo ni ghali. Tumia oili ya sintetiki (synthetic) ya kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari lako, kwa sababu si WRX zote zinatumia kipimo kimoja.

Ukiegesha nje, funga hita ya injini, ile yenye waya unaochomekwa kwenye umeme usiku. Betri nayo ipimwe kabla ya Desemba, maana baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri inaweza kuipunguzia karibu nusu ya nguvu.

Na tafadhali, usiwashe gari ndani ya banda lililofungwa. Hewa ya sumu ya ekzosi haina harufu wala rangi.

Nyumbani niliendesha kwenye matope ya masika miaka kumi. Si ni yale yale?

Naliheshimu swali hili, maana anayeuliza kwa kawaida ni dereva mzuri kweli. Tumekulia kwenye utelezi. Tumemwona Patrick Njiru akiikimbiza Subaru kwenye Safari Rally miaka ya 1990, na mwaka 1997 Colin McRae alishinda Safari hiyo hiyo akiwa na Impreza, babu wa gari unaloendesha leo. Udongo mweusi wa mbuga ukilowa hautofautiani sana na sabuni.

Yapo yanayofanana. Mkono mwepesi kwenye usukani, mguu mwepesi, kutazama mbali, kutosimama katikati ya mlima: hayo uje nayo, yatakufaa. Theluji mpya iliyolala sentimita kumi inaendesheka karibu kama tope, na aliyezoea tope anakuwa na utulivu ambao wenyeji wengi hapa hawana.

Barafu ina tabia nyingine. Kwenye tope, tairi likizunguka linachimba, na mara nyingi chini kuna udongo mgumu wa kushika, ndiyo maana dereva wa nyumbani akianza kukwama huongeza mafuta. Barafu haina chini. Tairi likizunguka linaisugua, linaiyeyusha juu, na maji yale yanaifanya iteleze zaidi. Kadiri unavyokanyaga ndivyo unavyojitengenezea utelezi. Lingine ni kwamba tope unaliona na unalijua tangu mbali, wakati barafu inaweza kuwa imelala kwenye lami inayoonekana safi kabisa. La tatu ni mwendo. Kwenye tope unakwenda kilomita 30, ukikosea unaingia mtaroni na wanakijiji wanakuja kukusukuma. Hapa uko kwenye barabara kuu, kilomita 90, na malori pande zote mbili.

Kwa hiyo mguu wa mafuta wa masika uuache nyumbani. Macho na mikono njoo navyo.

Hiyo barafu nyeusi nitaionaje?

Mara nyingi huioni, unaikisia. Anza na kipimajoto cha kwenye dashibodi: kati ya nyuzi 3 juu ya sifuri na 3 chini yake ndipo penye hatari kubwa, kwa sababu barafu iliyo karibu na kuyeyuka ina utando wa maji juu yake na inateleza kuliko ile ya baridi kali. Wengi huogopa siku za nyuzi 25 chini ya sifuri na kujiachia siku za sifuri. Hofu hiyo igeuze.

Tazama matairi ya gari la mbele. Yakirusha maji, barabara imelowa tu. Yakiacha kurusha na lami bado inang'aa, imeganda. Sikiliza pia: mvumo wa matairi ukikatika ghafla, kukawa kimya, uko juu ya barafu. Usukani nao unakuwa mwepesi kana kwamba hakuna kitu upande wa pili.

Madaraja huganda kwanza, kwa kuwa upepo wa baridi unayapiga juu na chini. Minneapolis na St. Paul zimekatwa na mto Mississippi, kwa hiyo huwezi kuyakwepa. Punguza mwendo kabla ya daraja, na ukiwa juu yake usifanye lolote: usifunge breki, usibadili njia, usiongeze mafuta.

Naondokaje kwenye taa bila gari kucheza?

Gia namba mbili, klachi polepole, mafuta kidogo sana. Adui yako hapa ni turbo. Inakaa kimya, kisha nguvu inakuja kwa mkupuo, na magurudumu yote manne yanaachia kwa pamoja. Badilisha gia mapema, kabla turbo haijaamka. Injini ikikaa chini ya mizunguko 2,500 kwa dakika, gari linakuwa pole.

Na kusimama?

Anza mapema, gusa breki kwa upole, saidia kwa kushusha gia huku ukiachia klachi taratibu. Ikibidi kusimama kwa dharura, kanyaga breki kwa nguvu zote na usiachie. Mguu utahisi kishindo na kutetemeka. Hiyo ni ABS inafanya kazi yake, gari halijaharibika. Mtindo wa zamani wa kukanyaga na kuachia ulikuwa wa magari yasiyo na ABS. Endelea kushika usukani kuelekea kwenye nafasi, kwa kuwa ABS inakuachia uwezo wa kugeuza.

Kwenye kona gari linanyooka moja kwa moja. Nakosea wapi?

Umeingia na mwendo mkubwa, na sasa unazidi kukata usukani. Kila mtu hufanya hivyo, ni silika. WRX ina injini mbele kabisa, puani, na tabia yake ya kwanza kwenye utelezi ni pua kugoma. Tairi lililokatwa sana halishiki kitu, linakwangua tu. Rudisha usukani kidogo kuelekea katikati, achia mafuta taratibu, subiri. Uzito utarudi mbele, tairi litashika, na ndipo gari litageuka. Kusubiri huko ni kama sekunde moja, na inaonekana ndefu sana.

Mkia ukichomoka, elekeza usukani na macho kule unakotaka kwenda, usikanyage breki, usiachie mafuta kwa ghafla. Usitazame nguzo. Mikono hufuata macho.

STI yangu ina kifundo cha difu ya katikati. Nikiweke wapi?

Kiache kwenye otomatiki. Kuifunga difu kabisa kunafaa kwenye theluji nzito kwa mwendo wa konokono tu.

Nizime kidhibiti mtelezo?

Barabarani, kamwe. Sababu moja tu ya kukizima ni pale umekwama kwenye theluji, kwa kuwa mfumo huo hukata nguvu kila tairi linapozunguka na unashindwa kujichomoa. Ukishatoka, kiwashe tena kabla hujaingia gia ya pili.

Nimekwama. Nifanyeje?

Shuka kwanza uangalie. WRX imeinuka kama sentimita 13 au 14 tu kutoka chini, hivyo mara nyingi tumbo ndilo limekalia theluji, na magurudumu hayana uzito. Hapo kukanyaga mafuta hakusaidii kitu. Chimba chini ya tumbo, chimba mbele ya kila gurudumu, na uhakikishe bomba la ekzosi halijazibwa na theluji, la sivyo sumu itaingia ndani. Mwaga mchanga. Kisha nenda mbele kidogo, nyuma kidogo, taratibu.

Kwenye buti langu, kuanzia Novemba, kuna koleo fupi, mfuko wa mchanga, blanketi, tochi, glavu za akiba, waya za betri, na maji ya kuoshea kioo yasiyoganda. Tangi la mafuta halishuki chini ya nusu.

Gari limeingia mtaroni kwenye barabara kuu. Nitoke nje?

Kama haliwaki moto na haliko katikati ya njia, baki ndani, mkanda umefungwa, taa za hatari zinawaka, piga 911, namba ya dharura. Mahali ulipoteleza wewe, na wa nyuma yako atateleza hapo hapo. Kabla ya safari ndefu angalia hali ya barabara kwenye 511, huduma ya taarifa za barabara. Ikisema usisafiri, usisafiri. Bosi atakuelewa, na hata asipoelewa, usisafiri.

Greda la theluji linakwenda polepole mno. Nilipite?

Kaa nyuma yake, mbali. Barabara iliyo salama kuliko zote ni ile iliyo nyuma ya greda. Ubavuni pake kuna wingu la theluji ambamo gari la chini kama lako halionekani kabisa.

Naegesha mtaani Minneapolis. Kweli gari linavutwa?

Linavutwa. Jiji likitangaza dharura ya theluji, usiku wa kwanza kuanzia saa 3 usiku hadi saa 2 asubuhi hakuna kuegesha kwenye njia zilizowekewa alama. Kesho yake ni zamu ya upande wa namba shufwa kwenye mitaa mingine, keshokutwa witiri. Jiandikishe upate ujumbe wa simu.

Handibreki?

Ukiegesha gari lililolowa usiku wa baridi kali, mahali tambarare, liache kwenye gia bila handibreki. Inaweza kuganda na usiondoke asubuhi.

Chumvi ya barabarani itaniozeshea gari?

Ndiyo, usipoosha. Osha tumbo la gari, hasa nyuma ya magurudumu, kila joto linapopanda juu ya sifuri, na ufute kingo za milango zisigande. Ujue pia kwamba chumvi hiyo huchoka: lami ikishuka chini ya nyuzi 9 hivi chini ya sifuri, haiyeyushi kitu cha maana. Kuona chumvi njiani kusikupe moyo.

Wapi naweza kujifunza bila kuua mtu?

Omba ruhusa ya kutumia maegesho makubwa yasiyo na nguzo, asubuhi ya theluji. Nenda kilomita 30, funga breki mpaka ABS ilie, uone umbali uliosafiri. Zunguka duara, zidisha mwendo hadi pua igome, kisha lirudishe. Nusu saa ya hivyo ilinifundisha kuliko msimu mzima wa barabarani. Vilabu vingine hufanya mazoezi juu ya maziwa yaliyoganda. Nenda na kilabu, usiende peke yako. Idara ya maliasili ya Minnesota inataka barafu mpya iliyo safi ifike angalau inchi 9 au 10 kwa gari dogo, na bado inasema hakuna barafu iliyo salama kabisa.

Nivue lini matairi ya baridi?

Usidanganywe na wiki moja ya jua mwezi Machi. Aprili theluji huanguka hapa, tena nzito. Mimi husubiri asubuhi ziwe juu ya nyuzi 7 kwa wiki mbili mfululizo, kisha navua. Kila tairi naliandika kwa chaki lilipokuwa, mbele kushoto, nyuma kulia, ili Novemba nilihamishe nafasi yakalike sawa. Nayaosha chumvi, nayakausha, nayaweka kwenye mifuko meusi gizani, mbali na hita. Kashata zikibaki chini ya milimita 4 hayarudi tena kwenye gari.